Kuwaomba wasomaji kifuta jasho: omba, lakini piga hesabu kwanza

Je, anayeandika mtandaoni bure awaombe wasomaji wamwachie bakshishi? Jibu langu ni ndiyo. Anayeandika mtandaoni bila kumtoza mtu kiingilio anaweza kuweka kitufe cha bakshishi na asione haya. Kinachonikera ni namna kitufe chenyewe kinavyowekwa. Wengi hukibandika pembeni mwa ukurasa, wakaandika "nisaidie niendelee kuandika", na baada ya miezi mitatu ya ukimya wakahitimisha kwamba wasomaji ni wabahili. Mara nyingi msomaji hakukiona kabisa. Au alikiona kabla hajapata lolote la kumfaa. Au alianza kulipa, akakutana na fomu ya kumtaka afungue akaunti, akaachia hapo hapo.

Suala la aibu limejadiliwa kupita kiasi. Ombi la hiari lisilomfungia mtu makala halimdhulumu yeyote. Maswali mazito ni mengine: anayekusoma ni nani, unamwomba dakika ipi, kinachobaki baada ya makato ni kiasi gani, na ukishapokea unakuwa na deni la namna gani.

Makato ndiyo yanayopanga kiwango

Malipo ya kadi huwa na makato mawili: asilimia ya kiasi kilichotumwa, na ada isiyobadilika kwa kila muamala. Hiyo ya pili ndiyo inayoua bakshishi ndogo. Chukua kiwango cha kawaida cha Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, kwa Marekani: asilimia 2.9 na senti 30. Msomaji akikutumia dola 1, zinakufikia senti 67. Theluthi nzima imeishia njiani. Akituma dola 3 unapata kama 2.61. Dola 5 inafika ikiwa takriban 4.55, na dola 10 ikiwa 9.41. PayPal, kwa kiwango chake cha kawaida cha Marekani cha asilimia 2.99 na senti 49, inakuachia senti 48 kwenye dola moja, yaani chini ya nusu. Viwango hivi hubadilika na kila nchi ina vyake, kwa hiyo fungua ukurasa wa ada wa nchi unakopokelea kabla hujachapisha kiasi chochote. Kadi iliyotolewa nje ya nchi na ubadilishaji wa fedha navyo huongeza asilimia juu ya hapo.

Ndiyo maana kitufe cha "dola moja tu" ni upole usiomsaidia mtu. Msomaji amepata usumbufu uleule wa kuandika namba za kadi, kampuni ya malipo imeshiba, wewe umeachiwa makombo. Weka 3 iwe kiwango cha chini, 5 iwe imekwisha kuwekewa alama, 10 ifuate, halafu kisanduku cha anayetaka kuandika kiasi chake. Chaguo la tano na la sita havina kazi. Vinamfanya mtu afikirie, na anayefikiria sana hufunga ukurasa.

Kwa wanaotumia PayPal kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ipo ada maalumu ya malipo madogo, asilimia 4.99 na senti 9, ambayo huombwa na kuidhinishwa kwenye akaunti ya biashara. Kwa dola 5 unabaki na 4.66 badala ya 4.36. Hesabu hugeuka kwenye dola 20: chini ya hapo ada ya malipo madogo ina nafuu, juu ya hapo ya kawaida ina nafuu. Kwa kuwa bakshishi nyingi haziifikii dola 20, kuendelea na ada ya kawaida ni kutupa hela.

Juu ya makato ya malipo kuna makato ya jukwaa, yaani huduma ya mtandaoni inayomwekea mwandishi ukurasa wa kupokea bakshishi au michango. Buy Me a Coffee hukata asilimia 5. Patreon, kwa waliojiunga kuanzia Agosti 2025, hukata asilimia 10. Ko-fi ilijijengea jina kwa kutokata asilimia yoyote kwenye bakshishi za mara moja. Liberapay, ambayo ni shirika lisilo la faida lenye makao Ufaransa, haikati kitu, na yenyewe huishi kwa michango ya watumiaji wake. Usichague kwa asilimia peke yake, lakini: jukwaa lisilokata kitu ambalo wasomaji wako hawawezi kulilipa kwa njia waliyonayo ni sawa na kutokuwa na kitufe.

Pesa za simu zina hesabu yake. Makato hupangwa kwa ngazi: kiasi kutoka hapa hadi pale kina ada moja, kikivuka mpaka ada inaruka. Kwa kawaida mtumaji hulipa ya kutuma na wewe unalipa ya kutoa. Kwa hiyo chukua jedwali la ada la kampuni husika na upange viwango vyako vikae kwenye kilele cha ngazi. Kiasi kilichouvuka mpaka kidogo tu kinamtoza mtumaji ada kubwa zaidi kwa faida isiyoonekana. Na usiwe unatoa kila bakshishi inapoingia. Acha ikusanyike, kisha toa mara moja.

Ada isiyobadilika ina historia ya kuwatia watu moto. Desemba 2017 Patreon ilitangaza kwamba kila anayechangia atalipa asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango wake. Aliyekuwa akimpa mwandishi dola 1 kwa mwezi angetozwa 1.38, na aliyewagawia waandishi kumi dola moja moja angeilipa ada hiyo mara kumi. Watu walifuta michango yao kwa wingi, na waandishi waliofutiwa kwanza ndio waliokuwa wakitegemea dola moja moja. Kabla mwezi haujaisha kampuni ikaomba radhi na kuufuta mpango. Hesabu yenyewe, hata hivyo, haikufutika. Dola 1 kila mwezi kwa miezi 12, ikitozwa kwa kiwango kile cha Stripe kila mara, inakuachia kama dola 8.05. Dola 12 kwa mkupuo inakuachia 11.35. Liberapay imelielewa hili, ndiyo maana humhimiza mtoaji alipe ya miezi kadhaa kwa pamoja.

Ya mara moja au ya kila mwezi

Hapa nina msimamo. Bakshishi ya mara moja ni shukrani kwa kazi iliyokwisha: umeandika, mtu amefaidika, ametoa, mmeachana kwa wema. Malipo ya kila mwezi, hata ukiyapa jina la bakshishi, yana deni ndani yake. Mtu anayekatwa kila tarehe moja hutazama kama kuna kitu kipya. Asipokiona mwezi wa kwanza atavumilia, wa pili ataguna, wa tatu atafuta, na akifuta harudi. Kama unaandika mara mbili mwezi huu halafu unanyamaza miezi miwili, usiweke kitufe cha kila mwezi. Weka cha mara moja peke yake, na kama unataka kitu cha kudumu, weka cha mwaka.

Anayetaka kuligeuza hili kuwa mshahara aangalie mfano wa Jason Kottke. Februari 2005 aliacha kazi ili aandike blogu yake kwa muda wote, akaendesha kampeni ya wiki tatu kuwaomba wasomaji wamchangie. Watu wapatao 1,450 walitoa karibu dola 39,900. Yeye alikuwa tayari na jina, na wasomaji wa miaka mingi. Bado mwaka uliofuata hakuirudia. Aliona idadi ya wasomaji haikukua kiasi cha kuiwezesha njia hiyo iendelee. Mwaka 2016 alirejea na mpango wa uanachama wa kulipia, uliojengwa kwa utaratibu tofauti kabisa. Kampeni ya mara moja huvuna upendo uliolimbikizwa kwa miaka. Mavuno ya pili hutegemea wasomaji wapya uliowapata katikati.

Mfano mwingine ni wa kuonya. Mwaka 2000 mwandishi wa riwaya Stephen King alianza kutoa hadithi kwa mafungu kwenye tovuti yake, akawaamini wasomaji walipe, kwa kuanzia, dola 1 kila wanapopakua, na akaweka sharti: ataendelea iwapo angalau asilimia 75 watalipa. Fungu la kwanza lilivuka sharti hilo. Kufikia la nne, waliolipa walikuwa wameshuka hadi asilimia 46, na baada ya la sita akasimamisha hadithi ikiwa haijaisha. Hakupata hasara, lakini tazama walioumia: ni wale waliolipa kila fungu wakaachwa na hadithi isiyo na mwisho. Asiyelipa hakupoteza senti. Kila tishio la "msipotoa nitaacha" hufanya hivyohivyo. Adhabu inamwangukia aliyekwisha kutoa.

Kwa hesabu ya kawaida, fikiri hivi. Tuseme una wasomaji 10,000 kwa mwezi na mmoja katika kila elfu anakupa dola 5. Hao ni watu kumi, na baada ya makato unabaki na kama dola 45. Huo ni mfano tu, weka namba zako. Ila utaona kwamba kinacholipika ni seva, jina la tovuti, na pengine programu moja ya kazi. Ukiingia ukijua hivyo hutawachukia wasomaji wako, jambo ambalo huwapata waandishi wengi na huonekana kwenye maandishi yao.

Dakika ya kuomba

Wasomaji ni wa namna mbili, na ombi moja haliwatoshi wote.

Yupo aliyeletwa na injini ya utafutaji. Ana tatizo: printa haiungani na kompyuta, faili halifunguki, fomu inakataa. Hakujui, na kesho hatakukumbuka. Huyu ana dakika moja tu ya ukarimu, nayo ni pale kitu kilipokubali. Kwa makala ya maelekezo, basi, ombi likae mara tu baada ya hatua iliyotatua tatizo, hata kama chini yake kuna nyongeza na maelezo ya ziada. Ukiliweka mwisho kabisa, amekwisha kufunga ukurasa kwa furaha.

Na yupo anayerudi. Huyu anakupa kwa sababu ya mazoea na mapenzi, na mahali pake ni baada ya aya ya mwisho, kabla ya orodha ya "soma pia", au mkiani mwa barua pepe unayomtumia. Kwake ombi la kila siku huchosha. Sentensi moja ndogo ya kudumu inatosha, kisha mara moja kwa mwaka fanya kampeni yenye mwanzo na mwisho: siku kumi hivi, barua ya kwanza ya kueleza fedha zinakwenda wapi, ya pili katikati, ya tatu siku ya mwisho. Kampeni isiyo na tarehe ya kwisha hugeuka kuwa pambo la ukurasa, na jicho huzoea kuliruka pambo. Wikipedia inawaomba wasomaji wake kwa mabango ya kampeni. Gazeti la The Guardian, tangu 2016, huomba chini ya habari zenyewe na kuziacha wazi kwa wote. Njia hizo mbili zinatosha kuigwa, kwa kipimo chako.

Pembeni mwa ukurasa pana kasoro ya kiufundi ambayo mwenye tovuti hushindwa kuiona kwa sababu huiandikia tovuti yake kwenye kompyuta. Kwenye skrini ya simu, safu ya pembeni haipo pembeni. Mandhari nyingi za tovuti, yaani violezo vya muonekano wake, huishusha chini ya kila kitu: chini ya makala, chini ya maoni, chini ya kisanduku cha kutafutia. Msomaji wa simu angelazimika kuteremka hadi kwenye maji ya kina ndipo akikute kitufe chako. Fungua tovuti yako kwa simu sasa hivi uone kilipo.

Dirisha linaloruka sekunde kumi baada ya mtu kuingia ndilo baya kuliko yote. Linaomba shukrani kabla ya huduma, na kwa simu ndogo msalaba wa kulifungia hauonekani vizuri, hivyo mtu anaondoka kabisa.

Maneno yenyewe

Ombi la kawaida huwa hivi: "Kama unapenda kazi yangu, tafadhali nichangie ili niendelee kukuletea makala bora." Limekosa nini? Halisemi kazi ipi, halisemi hela inafanya nini, na linamfanya msomaji awajibike kwa mustakabali wako. Linganisha na hili:

"Maelekezo haya nimeyajaribu hatua kwa hatua kwenye matoleo mawili ya programu, na ukurasa huu hauna tangazo. Kama yamekuokolea muda, unaweza kuniachia kifuta jasho hapa. Usipoweza, yasome tu, yatabaki wazi."

Sentensi ya kwanza inataja kazi mahususi. Ya pili inaunganisha kutoa na faida aliyoipata yeye, si shida uliyo nayo wewe. Ya tatu inamwachilia asiyeweza, na hiyo ndiyo waandishi wengi huiogopa wakidhani itawapunguzia. Mimi naiona kuwa ya lazima. Ombi lisilo na mlango wa kutokea huwafanya wasio na uwezo waone aibu kurudi kusoma, na hao ndio wanaokusambazia makala zako.

Usitie chumvi kwenye dhiki. Anayelia mwezi huu kwamba tovuti itafungwa, na mwezi ujao ikaonekana imepambwa upya, hatasadikiwa tena. Usiweke mita ya makusanyo ikiwa haijaanza kujaa. Mstari mtupu wenye "0 kati ya 500" unamwambia msomaji kwamba hakuna mtu mwingine aliyeona unastahili. Na ujumbe wa shukrani baada ya malipo uwe wa shukrani tu. Mtu aliyetoka kukupa dola 5, ukamjibu papo hapo kwa "ungependa kutoa kila mwezi?", umemfanya ajute.

Kukiweka kitufe

Majukwaa hufa. Amazon ilikuwa na mfumo wake wa kuwalipa wenye tovuti kwa hiari tangu 2001, ukafungwa 2008. Flattr, mfumo ulioanzishwa 2010 na kuugawa mchango wa mwezi wa msomaji kwa kurasa alizozipenda, ulifungwa 2023. Coil, ambako msomaji alilipa dola 5 kwa mwezi zikagawanywa kufuatana na muda aliousoma, nao ulifungwa 2023. Walioweka viungo vya huduma hizo ndani ya kila makala walibaki na mamia ya vitufe vilivyokufa.

Dawa ni rahisi. Tengeneza ukurasa mmoja kwenye tovuti yako mwenyewe, uuite /asante. Kila makala ielekeze huko, na ndani ya ukurasa huo ndimo uweke njia za malipo. Siku jukwaa likifungwa au likipandisha makato, unabadilisha mahali pamoja. Gharama yake ni kibonyezo kimoja zaidi kwa msomaji, na mimi naona inastahili. Njia ziwe mbili, tatu zikizidi: kadi, njia inayotumika zaidi na wasomaji wako, na labda moja ya kila mwaka. Mpe msomaji kiungo cha kivinjari, si cha programu ya simu. Patreon ilipoanza Novemba 2024 kupitisha malipo mapya ya ndani ya programu ya iPhone kwenye mfumo wa Apple, asilimia 30 ilikuwa ya Apple.

Unapofungua akaunti ya malipo, jina liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya benki. Jina la kalamu litumie kwenye ukurasa, lisiingie kwenye fomu ya uthibitisho. Kutofautiana kwa herufi moja kunaweza kuzuia hela zako. Malipo ya kwanza ya Stripe kwenda benki kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14, kwa hiyo usiahidi kulipia kitu wiki hiyo hiyo. Kisha tafuta sehemu ya maneno yanayotokea kwenye taarifa ya kadi ya mlipaji. Stripe inaruhusu herufi 5 hadi 22. Andika jina la blogu analolijua msomaji. Ukiacha jina lako rasmi ambalo hajawahi kuliona, mwisho wa mwezi ataliona kwenye taarifa ya benki, atadhani ameibiwa, na atapinga malipo.

Kabla ya kutangaza, jaribu kwa malipo ya kweli. Usitumie kadi yako mwenyewe kwenye akaunti yako. Stripe hairuhusu hilo. Mwombe mtu mwingine, kwa simu isiyo na kadi iliyohifadhiwa, atumie intaneti ya simu. Hesabu vibonyezo kuanzia mwisho wa makala hadi kwenye "malipo yamepokelewa". Kila sehemu inayomtaka afungue akaunti, aweke anwani ya posta au athibitishe barua pepe, jiulize kama inaweza kuondolewa. Ya anwani hasa iondoe. Mei 2021 Twitter ilipoanza kujaribu kitufe chake cha bakshishi, iligundulika mara moja kwamba aliyetuma kwa PayPal angeweza kumfichulia mpokeaji anwani yake ya nyumbani bila kujua.

Wezi nao wanakiona kitufe chako

Fomu ya bakshishi inayokubali kiasi chochote ni uwanja wa kujaribia kadi za wizi. Mwizi ana orodha ya namba na anataka kujua zipi bado hai. Anatuma malipo madogo madogo kwa programu, moja baada ya nyingine. Dalili ni malipo mengi yanayofuatana kwa sekunde, majina na barua pepe zisizo na maana, na wingi wa yaliyokataliwa kuliko yaliyokubaliwa. Mwandishi mgeni hudhani makala yake yamepata umaarufu ghafla. Funga fomu kwanza. Rudisha yaliyopita, usingoje wenye kadi wayapinge, kwa kuwa kila malipo yanayopingwa Stripe huyatoza dola 15 kwa kiwango cha Marekani; bakshishi ya dola 5 inaweza kukugharimu 20. Ukirudisha mwenyewe unapoteza ile ada ya mwanzo tu. Kisha weka kapcha (jaribio dogo la kuthibitisha kwamba anayelipa ni mtu, si programu), pandisha kiwango cha chini hadi 3, na uiarifu kampuni ya malipo. Sababu hiyohiyo inakupa kanuni kwa siku za kawaida: msomaji akisema alibonyeza kwa bahati mbaya, mrudishie bila mjadala.

Kwa pesa za simu hatari ni nyingine. Ukiweka namba yako binafsi hadharani, yeyote anayetuma hata kiasi kidogo huenda akaona jina lako kamili. Tumia namba ya biashara ikiwezekana, au laini tofauti isiyofungamana na benki wala na kuingia kwenye barua pepe. Halafu kuna ujumbe wa "samahani, nimekosea kutuma, naomba unirudishie". Angalia salio, usisome ujumbe. Ujumbe unaweza kutungwa na yeyote. Na hata hela ikiwa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwelekeze aombe marejesho kwa kampuni ya simu. Ukimtumia mwenyewe naye akaomba marejesho, umelipa mara mbili.

Mkono unaotoa

Bakshishi ya dola 5 kutoka kwa msomaji haimnunui mwandishi. Dola 200 kutoka kwa mtu aliye na duka la bidhaa uliyoichambua wiki iliyopita ni habari nyingine, hata kama hakuomba kitu. Jiwekee kikomo cha kiasi unachokubali kutoka kwa mtu mmoja, kiandike kwenye ukurasa wa /asante, na kinachotoka kwa mwenye maslahi kwenye mada zako kirudishe. Kama umekipokea, kitaje ndani ya makala husika. Kuhusu orodha ya majina ya waliotoa, usiichapishe bila ruhusa ya kila mmoja; wapo wasiotaka ijulikane wanasoma nini.

Kila baada ya muda atatokea aliyetoa mara moja na sasa anapanga mada, anadai ujibu maswali yake faraghani, anakasirika umeandika tofauti na anavyoamini. Mjibu kwa heshima kama msomaji mwingine yeyote. Akitaja hela yake, mrudishie.

Katika nchi nyingi kipato hiki hutozwa kodi kama kipato kingine cha kazi, na kukiita zawadi hakukibadilishi. Usiite "msaada kwa shirika" kama huna shirika lililosajiliwa. Majukwaa huweza kukutaka vielelezo na kushikilia hela hadi uvilete. Usiwaambie wasomaji watume kwa njia ya "marafiki na familia" ili kukwepa ada. Ni kinyume cha masharti ya PayPal na akaunti inaweza kufungwa ikiwa na hela ndani. Weka daftari lenye safu tano: tarehe, kiasi kilichotumwa, makato, kilichofika, na makala iliyomleta. Safu ya mwisho ndiyo wengi huisahau, na ndiyo itakayokuonyesha baada ya mwaka kwamba makala mawili au matatu ndiyo yanayoleta karibu kila kitu. Hayo yasasishe kwanza. Kagua pia picha ulizozitumia: iliyotolewa kwa leseni isiyoruhusu biashara, kwenye ukurasa unaoomba hela, inaweza kukuletea mgogoro na mwenye picha. Aliyeajiriwa asome mkataba wake kuhusu kipato cha nje.

Ukiamua kukiondoa kitufe, mpangilio una maana. Sitisha kwanza malipo ya kila mwezi na ya mwaka, kutoka upande wako, usiwaachie wasomaji kazi ya kufuta. Wa mwaka walio na miezi iliyobaki warudishie sehemu yao. Toa salio lote jukwaani, subiri lifike benki, pakua taarifa za miamala, ndipo uifunge akaunti. Ukurasa wa /asante usiufute. Andika humo mistari miwili kwamba hupokei tena, na tangu lini, kwa sababu makala za zamani na nakala zake zilizosambaa zitaendelea kuwaleta watu hapo kwa miaka.